Makaburi Yasiyo na Watu: Ombi la Wana Tulu Gora la Kujengewa Njia ya Pili ya Ndege

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mhandisi Abiyu Tadelle, unayesimamia mipango ya uwanja wetu mkuu wa ndege, kasisi wetu, wazee wetu, wageni wetu kutoka Hora Dobi mlioketi kule nyuma, ambao tumewaomba mara mbili msogee mbele mkakataa, mabibi na mabwana: tunawasalimu wote kwa heshima.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu Tulu Gora. Nyasi mbichi tumetandaza na kahawa inakaangwa, harufu yake unaisikia.

Risala hii tumeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilikusifu, ikasifu serikali, ikasifu na mvua. Iliposomwa mbele ya wanachama, mwenzetu Mama Likitu akasema, "Imependeza kama bibi harusi aliyefumba mdomo. Hebu acheke, tuone meno." Tukaichana. Hii ya nne ndiyo yenye meno, na mengine yameoza. Tunakuomba uvumilie.

Ratiba uliyonayo mkononi inasema kwamba baada ya risala, mgeni rasmi atakwenda kuwasha mshumaa kwenye kaburi la Mzee Bulcha Raggasa. Tunakuomba usiende. Keti kwanza utusikilize. Humo kaburini hamna mtu.

Tunarudia kwa sababu hivi vipaza sauti vinakoroma. Hamna mtu, na hakuwahi kuwemo. Makaburi yako thelathini na moja pale shambani, na thelathini kati yake ni mawe matupu tuliyoyapanga kwa mikono yetu. Kwa ajili ya mawe hayo, ofisi yako iliacha kujenga njia ya pili ya ndege kuruka na kutua hapa kwetu, na sasa inataka kuuhamisha uwanja wote uende Hora Dobi, wakahamishwe watu wa kaya elfu mbili. Tumekuita ili tukuombe uurudishe mpango ule hapa, juu ya ardhi yetu. Ombi letu ndilo hilo. Yanayofuata ni kueleza tu tulifikaje hapa.

HISTORIA

Chama chetu ni chama cha kuzikana. Tuko kaya mia moja na kumi na mbili. Mtu akifa, mpiga mbiu hupita alfajiri kutangaza, hema linasimikwa, mabenchi yanatolewa, wanawake wanashika masufuria. Mfiwa hapiki wala hachimbi. Maskini na mwenye ng'ombe wengi huzikwa sawa. Hiyo ndiyo heshima tuliyoachiwa na wazazi wetu. Hatukuwa na nyingine.

Mtunza vyombo wa chama ni Mama Lomitu Dhaba. Ndiye huyu aliyeketi hapa mbele mwenye shuka nyeupe, anayetazama miguu yake. Habari hii ni yetu sote, lakini ilianzia kinywani mwake, naye ametukubalia tuieleze, hata ya moyoni mwake. Alisema neno moja tu: "Msinipambe."

Miaka minane iliyopita wapimaji walikuja na vigingi vyao vyekundu, wewe ukiwa kiongozi wao, kijana bado. Kaya arobaini za upande wa kusini zilitakiwa kuhama. Tukaitisha kikao. Mama Lomitu hakuwa kwenye mjadala. Alikuwa pembeni anasugua sufuria la chama kwa majivu, huku wanaume wanabishana.

"Tuandike barua," mmoja akasema.

"Tumeandika tatu," akajibiwa. "Juzi nimenunua shayiri ya kukaanga sokoni, nimefungiwa kwenye karatasi yenye sahihi yangu."

Watu wakacheka. Mama Lomitu, bila kuinua uso, akasema, "Ng'ombe watamhamisha. Nyumba wataihamisha. Maiti je, nani ana uso wa kumwambia maiti ondoka?"

Yeye alitania tu. Lakini Mzee Badhane, mwenye lile shamba la mwisho, akajibu, "Kwangu mawe si haba." Watu wakacheka tena. Kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, kila mtu akawa anamtazama mwenzake, na Mama Lomitu akaona kwamba ameacha kusugua sufuria.

Mumewe, Mzee Gutama, ndiye peke yake aliyesimama kukataa. Alisema, "Jamani, kazi yetu ni kuzika watu. Tukianza kuzika mawe, siku ya kuzika mtu nani atatuamini?" Akaambiwa akae. Aliyemwambia akae ni mkewe.

Mgeni rasmi, ilikuwa Pasaka. Wewe na wenzako mlikwenda makwenu kwa sikukuu siku tatu. Siku tatu hizo, baada ya mfungo wa siku hamsini na tano, wakati kila Mkristo anakula kuku wake na kumshukuru Mungu aliyefufuka, sisi tulikuwa shambani mchana kweupe tunapanga makaburi, na mikate yetu tumeikunja mikononi. Tulipaka chokaa. Tulielekeza misalaba mashariki, kwa sababu hatujui kufanya kazi hiyo ovyo. Tulipanda hata majani juu yake. Mzee Gutama hakubeba jiwe hata moja. Alikwenda kanisani peke yake na kurudi peke yake.

Mliporudi ukauliza, "Wiki iliyopita haya yalikuwepo?"

Tukajibu, "Yalikuwepo, mwanetu. Ulikuwa unatazama chombo chako cha kupimia."

Tukaona hujaridhika. Ndipo tukafanya lile lililo baya kuliko yote: tukafanya mazishi.

Tulimzua marehemu. Tukamwita Bulcha Raggasa, mzee asiye na mke wala mtoto, ili kusiwe na wa kuulizwa. Tulishona sanda tukaijaza makapi ya tefi, nafaka yetu ya mikate. Ilikuwa nyepesi mno, wabebaji wangejulikana kwa mwendo wao. Mama Lomitu akaenda nyumbani akaleta jiwe lake la kusagia, alilopewa na mama yake siku ya kuolewa. Ndilo lililolala pale hadi leo. Tangu hapo unga wake anakwenda kuusaga kwa jirani.

Mpiga mbiu akapita alfajiri. Hema likasimama. Mama Likitu, ambaye hapa kwetu hakuna anayemshinda kwa kuomboleza, akasimama katikati akaimba:

"Bulcha usiye na mtoto, mlango wako utafungwa na nani?
Ng'ombe wako wamerudi, wanakungoja uani.
Umekwenda bila kuaga, utaagwa na nani?"

Tulikuwa tumepanga kulia kwa ujanja. Lakini sauti ile haina ujanja. Kila mmoja akamkumbuka wake, tukalia kweli kweli. Hilo nalo linatutia aibu, kwamba tulichukua machozi ya watu wetu tukamlilia jiwe.

Ukaja, mgeni rasmi. Ulivua kofia mlangoni. Uliketi benchi la mwisho, kama mtu mwenye adabu. Kisha tukakuona umeinama, mabega yanatikisika. Mama Lomitu ndiye aliyekufuata.

"Lia, mwanangu. Unamlilia nani?"

"Mama yangu," ukasema. "Nilikuwa porini na vigingi. Wamemzika mimi niko njiani. Sijapata hata pa kulilia."

Akakiweka kichwa chako mapajani mwake. Ametuambia neno lilimjia mpaka kwenye meno. Angesema, "Ondoka hapa, mwanangu, huu si msiba." Akatazama nje, akaona nyumba yake, na mrundo wa kuni, na kuku wake. Akalimeza. Akakupa kahawa: kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu, kile cha baraka. Wewe ukamshika mikono yote miwili ukamwambia, "Mungu akulipe, mama."

Baada ya mwezi mmoja ofisi yako ikaandika kwamba ardhi hii ni ya makaburi ya watu, isiguswe.

MAFANIKIO

Hatukuhama. Nyumba zetu arobaini zipo.

Kila mwaka baada ya Pasaka umetutumia fungu la mishumaa ya kuwasha kwa Mzee Bulcha. Mafungu saba yamefika salama. Hatukuwasha hata mshumaa mmoja. Yamo kwenye sanduku la Mama Lomitu, chini ya nguo zake za kuzikiwa, naye hulizunguka sanduku hilo kama mtu anayemzunguka mbwa aliyelala.

Mafanikio mengine tuliyokuwa tumeyaandika tumeyafuta.

CHANGAMOTO

Kiwanja cha makaburi kisichozikwa mtu huzua maswali. Miaka minne ilipita bila hata mtu mmoja kuongezwa pale, kwa sababu wafu wetu tuliendelea kuwapeleka kanisani kimya kimya kwa njia ya nyuma. Tukasikia kuna wakaguzi watakuja. Wiki hiyo hiyo Mzee Gutama akafariki.

Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikwenda kwa mjane kabla maji ya kuoshea hayajapoa. Alisema, "Mama Lomitu, wewe ndiye uliyetuokoa. Tuokoe tena. Tumweke Gutama pale shambani."

"Alikataa mambo haya akiwa hai," akajibu.

"Ndiyo maana hawatashuku. Mtu mnyoofu kama yule."

Mama Lomitu alikuwa na shemeji zake, alikuwa na watoto wake, angeweza kukataa. Hakukataa. Aliona kwamba akikataa, watu watasema alianzisha moto kwa kuni za wenzake, zake akazificha. Kwa hiyo yule mtu ambaye hakubeba jiwe hata moja tulimbebesha mawe yote. Alizikwa shambani kwa Mzee Badhane kati ya watu wasiokuwepo, na kasisi wetu tulimdanganya kwamba marehemu ndiye aliyeomba hivyo. Baba kasisi, hakuomba. Tusamehe.

Wakaguzi hawakuja.

Sasa tuseme kuhusu uwanja wenyewe, maana kuna watakaosema wazee hawa wamekuja kulia tu. Sisi si wahandisi. Lakini tumeishi ubavuni mwa uwanja huu miaka arobaini, tunaujua kama mtu anavyojua kukoroma kwa mumewe. Ndege za bara zima hukutana hapa. Za magharibi hufika alfajiri, zinamwaga watu, watu wanabadilisha ndege, na kabla jua halijapanda zote zinataka kuruka kwa pamoja, na njia ni moja. Tunaziona zimejipanga kama ng'ombe kwenye kisima kimoja. Nyingine zinazunguka juu ya mapaa yetu mpaka watoto wanazipa majina. Maua yanayokatwa mashambani asubuhi yanalala kwenye mabohari yakisinyaa. Watoto wetu walioahidiwa kazi kwenye jengo jipya la abiria walikaa miaka miwili wakingoja, kisha wakapanda ndege hizo hizo wakaenda kuosha vyombo Uarabuni.

Binti wa Mzee Badhane alikuwa mmoja wao. Mwaka juzi alirudishwa ndani ya sanduku. Siku hiyo ndege moja ilipasukiwa tairi ikaziba njia, na ile iliyombeba binti ikazunguka mara tatu, ikapelekwa nchi ya jirani. Tuliketi chini ya hema siku mbili tukimngoja, na chakula cha msiba kikachacha. Siku ya pili jioni Mzee Badhane alisimama akatazama shamba lake lenye misalaba, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Njia ya pili ingepita pale." Sote tulimsikia. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili.

Upande wetu ardhi ni ngumu na imelala sawa. Upepo unapita kwa urefu wake mwaka mzima, huo tunaujua kwa kupepeta tefi. Barabara ipo, mabomba ya mafuta yapo, mji uko karibu. Wanaohitajika kuondoka ni kaya arobaini. Hora Dobi ni udongo mweusi unaomeza magurudumu ya mkokoteni wakati wa mvua, kuna ziwa, na ziwani kuna ndege wakubwa wa manyoya, makundi kwa makundi, ambao hawatasoma tangazo la kuwahamisha. Na kuna kaya elfu mbili, na kanisa, na msikiti, na wafu wa kweli.

Hayo unayajua kuliko sisi. Lililokuwa likikuzuia ni sisi.

Mwezi uliopita wazee watano wa Hora Dobi walikuja hapa kwa miguu, kutoka kituo cha basi hadi kwa Mama Lomitu. Kiongozi wao ni Mama Dinkitu, yule pale nyuma mwenye mkongojo. Walileta asali. Mama Lomitu akawapikia kahawa, akidhani wamepotea njia ya kanisani.

Mama Dinkitu akasema, "Dada yangu, tumekuja kujifunza. Nyinyi mliwaambia mna makaburi, wakawasikia. Sisi tumewaambia tuna makaburi ya mababu, wakatuambia makaburi ya kila mahali huhamishwa kwa utaratibu. Mliongea nao vipi? Mlitumia maneno gani?"

Mama Lomitu akaendelea kumimina kahawa.

"Labda hatukulia vya kutosha," Mama Dinkitu akasema. "Kwetu watu ni wagumu, hawalii mbele ya wageni. Tufundisheni."

Na mzee mmoja wao, mcheshi, akaongeza, "Mimi nikilia wanadhani nimekohoa." Wakacheka wote, wageni kwa wenyeji.

Mama Lomitu alicheka nao. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akajishikilia kwenye mrundo wa kuni. Aliporudi, kahawa ilikuwa imefika kikombe cha tatu, na Mama Dinkitu alikuwa amemmiminia yeye, mwenye nyumba, kikombe cha baraka. Hakuweza kukinywa. Alikiweka chini, akawaeleza yote, kuanzia sufuria lile hadi kwa Gutama.

Hawakumtukana. Mama Dinkitu akauliza, "Huyo mumeo, yuko peke yake pale?"

"Yuko peke yake."

"Maskini," akasema Mama Dinkitu. Akafunga asali yake tena kwenye kitambaa, akainuka, wakaondoka.

Asubuhi yake Mama Lomitu alisimama mbele ya kikao cha chama, akataka ukweli usemwe. Wengi walipinga. Mmoja alisema, "Bibi, umebakiza miaka mingapi? Kaa na siri hiyo, ufe nayo, sisi tubaki na nyumba zetu." Akamjibu, "Nikifa nayo mtanizika nayo. Mimi nimeshamzika mmoja hivyo." Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliotaka tuseme walikuwa sitini na wanane, wakashinda. Waliopinga wamekuja pia leo, wameketi nasi, na tunawashukuru.

MAOMBI YETU

Tunaomba mpango wa njia ya pili ya ndege urudishwe Tulu Gora, kama ulivyouchora mwanzo, vigingi vyako vyekundu pale pale. Kaya arobaini tutahama. Kuhusu tutakapokwenda tunaomba mtutendee kama watu wengine wanavyotendewa, si zaidi. Tulitaka kuandika hapa orodha ya mabati na visima, tukaona hapana.

Tunaomba utuvumilie siku moja, uje na mashahidi wako, tuyafumue makaburi yale thelathini mbele yenu kwa mikono ile ile iliyoyapanga. Majembe yako tayari nyuma ya hema. Tunataka watoto wetu waone.

Kwa Mzee Gutama tunaomba kibali cha kumhamishia uwanja wa kanisa. Mama Lomitu amesema atatembea mbele ya jeneza, si nyuma kama ilivyo desturi ya mjane, ili watu wamwone. Tulimkatalia. Amekataa kukataliwa.

Tunaomba pia jina la mama yako. Ulilia mapajani mwa mwenzetu na hatukukuuliza hata aliitwa nani; tulikuwa na haraka na Bulcha wetu. Hatuombi kumfanyia msiba, hiyo haki tumeipoteza. Tunaomba jina tu, tumpe kasisi alisome. Mishumaa yako hii hapa mezani, mafungu saba, haijapungua. Ichukue ukamwashie yeye.

Kama kuna adhabu ya kisheria, tunaomba isimshukie mtu mmoja. Aliyesema ni mmoja, waliobeba mawe ni wote.

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, ratiba inasema sasa utajibu risala. Tunajua wewe ni mtu mwema, na huenda moyo wako unakusukuma useme umetusamehe, ili shughuli iishe vizuri na watu wapate kula. Tunakuomba usituambie hivyo leo. Wale watu watano wa kule nyuma wamesafiri tangu jana, na kwao kuna kaya elfu mbili ambazo hazijui kama zipande mbegu mwaka huu au zisipande. Mvua ziko karibu. Jibu lako uwape wao kwanza. Nenda kaongee nao. Sisi tutangoja hapa chini ya hema, kungoja tunakujua.

Mungu akupe maisha marefu, ampe mama yako pumziko, awape watu wa Hora Dobi mavuno juu ya ardhi yao, na atupe sisi uso wa kutazama watu.

Ni sisi,
Chama cha Kuzikana cha Tulu Gora.